Loire: mto unaosomwa kwa mchanga wake

Ukifungua Vigicrues, tovuti ya serikali ya Ufaransa inayoonyesha vimo vya mito, katikati ya Agosti, kisha ukatafuta kituo cha Orléans kwenye mto Loire, mara nyingi utakuta kimo cha maji kimeandikwa kwa alama ya kutoa: karibu mita nzima chini ya sifuri. Si kwamba mto umekauka. Maji yapo na mitumbwi inapita. Sifuri ya kipimo kile iliwekwa karne ya 19, pale maji yalipokuwa yakifikia wakati wa kiangazi cha enzi hizo. Tangu hapo sakafu ya mto imeshuka, maji yakashuka nayo, na sifuri ikabaki juu ukutani.

Wengi wakiandika kuhusu Loire huanza na makasri na mashamba ya mizabibu. Hayo yapo, na bonde la kati ya Sully-sur-Loire na Chalonnes limo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Ila msomaji wa Nairobi, ambaye nyumba yake imesimama kwa mchanga wa Machakos, Kajiado au Makueni, ana sababu nyingine ya kuujua mto huu. Loire ni mto wa mchanga. Ukishajua mchanga wake unatoka wapi, unatembeaje, na kinachotokea ukizolewa, basi habari za ndege, samaki, madaraja na hata maji ya bomba ya mji wa Nantes hazitakupiga chenga.

Njia ya mto

Loire ndio mto mrefu kuliko yote Ufaransa, zaidi kidogo ya kilomita 1,000. Unaanzia chini ya Mont Gerbier-de-Jonc, kilima cha volkano chenye kimo cha mita 1,551 huko Ardèche, kusini-mashariki mwa nchi. Chemchemi zenyewe ziko kwenye mita 1,400 hivi, na tatu kati yake zinagombea heshima ya kuwa chanzo halisi, kila moja na kibao chake. Ugomvi huo sidhani kama kuna mfanyabiashara wa pale anayetaka uishe.

Kutoka chemchemini, Bahari ya Kati iko karibu kuliko Atlantiki, lakini miinuko inaukatalia mto upande huo. Unageuka kaskazini, unapita karibu na Le Puy-en-Velay, Roanne na Nevers, unapanda hadi Orléans, kilomita mia na ushei tu kusini mwa Paris, kisha unapinda magharibi kupitia Blois, Tours na Nantes hadi Saint-Nazaire baharini. Eneo linalomwaga maji yake humo ni kilomita za mraba karibu 117,000, yaani moja ya tano ya Ufaransa. Kwa bahati, hiyo ni kama moja ya tano ya Kenya pia, kwa hiyo ukubwa wake unaweza kuukadiria bila ramani.

Mito inayouingia ni mingi, ila wa kuukumbuka kwanza ni Allier. Inakutana mahali paitwapo Bec d'Allier, karibu na Nevers, na kufikia hapo Allier una urefu na maji yanayokaribia kulingana na ya Loire yenyewe. Yote miwili imetoka katika nyanda za juu za matale na volkano, na yote miwili inabeba mchanga. Chini zaidi inaingia Cher, Indre, Vienne, na Maine, mto mfupi sana unaobeba maji mengi kwa sababu ni muungano wa Mayenne na Sarthe.

Kwa wastani, karibu na Angers, zinapita mita za ujazo kama 850 kila sekunde. Wastani huo unaficha mengi kuliko unavyoonyesha. Mafuriko makubwa yanavuka 6,000 mahali hapo hapo, na kiangazi kikali kinauacha mto ukiwa mikondo michache myembamba kati ya fungu za mchanga. Hakuna theluji kubwa ya milimani ya kuyeyuka polepole na kuulisha mto wakati wa joto, kama inavyofanya Alpi kwa mto Rhône. Mvua ndiyo kila kitu. Katika hilo Loire unafanana na mto Athi kuliko unavyofikiria.

Mafuriko yake huja kwa njia mbili. Kuna mvua za Atlantiki, za majira ya baridi, ndefu na za polepole, zinazojaza mito ya magharibi. Na kuna dhoruba za upande wa Bahari ya Kati, hasa Septemba hadi Novemba, zinazopanda milima ya Cévennes na kumwaga kwa saa chache maji ya miezi. Hatari kubwa ni zikikutana zote mbili.

Mchanga unavyotembea

Ukisimama kando ya Loire kiangazi, fungu la mchanga linaonekana kama kitu kilichotulia. Liangalie vizuri. Upande unaotazama juu ya mto umelala kwa mteremko mpole, mchanga umeshikana, mtu anatembea bila kuzama. Upande unaotazama chini ya mto umekatika ghafla, mteremko mkali, chembe zimelegea. Maji yanaviringisha chembe juu ya mteremko mpole mpaka ukingoni, zinaangukia upande wa pili, na fungu zima linasogea hivyo hivyo kwenda chini. Wakati wa mafuriko linaweza kusogea mita kadhaa kwa siku.

Kwa mwogeleaji, hiyo ndiyo sababu watu hufa Loire katika maji yaliyofika magotini. Unatembea juu ya fungu lililofunikwa na maji, hatua moja zaidi unafika kwenye ukingo ule uliolegea, mchanga unateleza chini ya miguu, na unajikuta kwenye kina cha mita 2 au 3 chenye mkondo. Ndiyo maana kuogelea kumepigwa marufuku sehemu kubwa ya mto. Waendeshaji wa mitumbwi wa pale hutafuta alama juu ya maji: mstari wa viwimbi vidogo unaovuka mto kwa mshazari ndio ukingo wa fungu, maji laini na meusi baada yake ndicho kina.

Mchanga huu ni wa kwazi na feldispa, madini magumu kutoka matale ya milimani, na chembe nyeusi za volkano. Ni mzuri kwa zege, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Ufaransa ilijenga kwa kasi: nyumba, barabara, na baadaye mitambo ya nyuklia, ambayo minne iko kando ya Loire yenyewe (Belleville, Dampierre, Saint-Laurent na Chinon). Mchanga ulikuwa mlangoni. Kufikia miaka ya 1970 ulikuwa ukichotwa kwa mamilioni ya tani kwa mwaka, mara kadhaa zaidi ya kiasi ambacho mto ungeweza kuleta kutoka juu. Hesabu yake ni ya dukani tu: ukitoa kuliko unavyoingiza, akiba inaisha. Sakafu ilishuka mita 1 hadi 2 sehemu za kati, na karibu na Nantes kimo cha maji ya kiangazi kilishuka zaidi ya mita 3, ingawa huko kuchimba njia ya meli kulichangia pia.

Tarehe 9 Aprili 1978, daraja la mawe la Tours, Pont Wilson, lilianza kuanguka. Lilikuwa na matao 15 na umri wa miaka 200. Lilisimama juu ya magogo yaliyochomekwa kwenye mchanga karne ya 18. Gogo lililozikwa chini ya maji bila hewa linaweza kudumu karne nyingi. Sakafu iliposhuka, vichwa vya magogo vilifichuka, vikapata maji na hewa kwa zamu, vikaoza, na mkondo ukaanza kuchimba mchanga katikati yake. Hakuna aliyekufa. Lakini bomba kubwa la maji la mji lilipitia darajani, kwa hiyo Tours ilipoteza njia na maji ya kunywa kwa pamoja.

Husemwa kwamba Loire uliokolewa na watu wapenda ndege, lakini si kweli. Daraja lile lilifanya kazi kubwa zaidi. Uchimbaji ulianza kupunguzwa, na amri ya Septemba 1994 ikapiga marufuku uchimbaji katika mkondo wa mto kote Ufaransa. Sasa mchanga wa ujenzi unatoka mashimo ya nchi kavu, kusagwa miamba, na baharini.

Makueni ilitunga sheria yake ya mchanga mwaka 2015, na sababu za kwetu ni nzito kuliko za Wafaransa: katika mito ya msimu ya Ukambani mchanga ndio tangi la maji. Mvua ikikoma, maji yanabaki kati ya chembe, na kina mama wanayafukua miezi mitatu au minne baadaye. Ukizoa mchanga, maji yanapita na kuondoka siku ile ile. Mabwawa ya mchanga yanayojengwa huko yanafanya kinyume cha kilichofanywa Loire: ukuta mfupi wa zege, unajaa mchanga kwa misimu michache ya mvua, na unahifadhi maji ndani ya mchanga huo.

Kupima sakafu ya mto kwa vifaa vya bei ndogo

Wahandisi wa Loire walijua mto umeshuka kwa sababu walikuwa na vipimo vya zamani. Bila kipimo cha jana, ubishi wa leo hauishi. Mtu yeyote mwenye ruhusa ya kusimama kwenye daraja salama anaweza kuanza rekodi, na kazi ni ya asubuhi moja.

Chukua utepe wa kupimia wa nyuzi, mita 20 au 30, usiovutika. Funga uzito wa kilo 2 au 3 wenye kitako bapa. Uzito wa mviringo au wenye ncha unazama kwenye mchanga laini na kukudanganya kwa sentimita 10 au zaidi. Weka alama za rangi kwenye reli ya daraja kila mita 2 au 3, uzipe namba, upige picha. Teremsha uzito polepole hadi utepe ulegee, uvute tu mpaka unyooke, usome pale reli ilipo. Rudia mara tatu kila alama. Andika pia umbali kutoka reli hadi uso wa maji, kama maji yapo.

Mambo matatu huharibu kazi. La kwanza ni mkondo: maji yakienda kasi yanausukuma utepe kwa mshazari, unasoma urefu usiokuwepo, kwa hiyo pima wakati wa maji madogo au mto mkavu. La pili ni shimo la nguzo. Maji huzunguka nguzo ya daraja na kuchimba shimo pale pale, hata katika mto wenye afya. Ukipima kando ya nguzo pekee utatangaza msiba usiokuwepo. Tumia vipimo vya katikati ya nafasi kati ya nguzo. La tatu ni majira: mafuriko huchimba sakafu na maji yakipungua huijaza tena, kwa hiyo linganisha mwisho wa masika na mwisho wa masika, si Aprili na Septemba. Ukipata michoro ya ujenzi wa daraja, sakafu ya siku ile imechorwa humo, na umepata miaka 30 au 40 ya historia bila kusubiri.

Visiwa, ndege na tingatinga

Aprili na Mei, buabua, ndege weupe wa majini, wanafika Loire kutoka Afrika. Wawili ni muhimu: buabua mdogo na buabua wa kawaida. Hawajengi kiota. Wanakwaruza mchanga au changarawe tupu, wanataga mayai 2 au 3 yenye rangi ya kokoto, basi. Wanataka kisiwa kilichozungukwa na maji, kisicho na miti, kwa sababu kunguru hutumia mti kama mnara wa kuvizia.

Kisiwa kitupu hakidumu kikiwa kitupu. Kinabaki hivyo kwa sababu mafuriko yanakigeuza na kung'oa miche. Sakafu ya mto iliposhuka, visiwa vilibaki juu, maji yakawa hayavifikii mara nyingi, na mierebi na mipopla ikashika. Mizizi inashikilia mchanga, mafuriko yajayo yanaleta tope badala ya kuondoa, kisiwa kinapanda, na baada ya miaka 15 una msitu mahali palipokuwa na ndege. Vijito vya pembeni, ambamo samaki aina ya paiki hutaga kwenye majani yaliyofunikwa na maji mwishoni mwa baridi, vinakatika kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo Loire, unaosifiwa kuwa mto wa mwisho wa porini Ulaya, unalimwa. Sifa hiyo ni ya matangazo ya utalii. Kazi yenyewe inafanyika mwisho wa kiangazi hadi Oktoba, viota vikiwa vimeisha na maji bado madogo. Miti inakatwa na visiki vinang'olewa, maana kisiki cha mwerebi kikiachwa kinachipua kabla mwaka haujaisha. Mbao zinaondolewa kabisa kwenye njia ya mafuriko, la sivyo zitaenda kukwama kwenye daraja la chini. Kisha tingatinga linapita na meno marefu ya chuma, linachana sakafu ya kisiwa na kuilegeza. Mchanga hauchukuliwi, unaachwa hapo hapo: mafuriko yajayo ndiyo yanayotakiwa kuuchukua. Mahali pengine wanatumia kondoo baada ya hapo, kila mwaka, wale miche kabla haijawa miti. Mfugaji wa Kitengela angeliona hilo ni jambo la kawaida kabisa.

Katika maeneo mengi ya viota, kukanyaga visiwa ni marufuku kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 15 Agosti. Mtu akishuka na mbwa kwa nusu saa tu, buabua wote wanaruka, mayai yanabaki juani, na yanaiva. Mafuriko ya Mei yanaweza pia kuosha viota vyote, ila hilo ndege wamelizoea: wanataga tena.

Biva, mgugunaji mkubwa wa majini mwenye mkia bapa, alikuwa ameangamizwa Loire kwa uwindaji. Wachache waliletwa kutoka bonde la Rhône na kuachiliwa karibu na Blois kati ya 1974 na 1976, na sasa wameenea. Kwenye mto mpana kama huu hawajengi mabwawa. Wanachimba nyumba ukingoni na kuangusha mierebi, ambalo kwa kweli ni jambo jema. Tatizo lao ni pale wanapochimba karibu na matuta.

Matuta na mafuriko

Kuanzia zama za kati watu wa bonde walijenga matuta ya udongo kuzuia mto, na karne baada ya karne wakayainua. Leo kuna zaidi ya kilomita 500, mengi yakiwa na barabara juu yake. Kila walipoyainua waliubana mto zaidi, na maji yaliyobanwa hupanda zaidi. Mafuriko ya 1846, 1856 na 1866, matatu ndani ya miaka 20, yalipasua matuta mahali pengi mno. Baada ya hapo wahandisi wakakubali jambo ambalo halimpendezi mwanasiasa yeyote: tuta linalozuia kila kitu halipo. Wakajenga sehemu kadhaa zilizoshushwa makusudi, zilizofunikwa kwa mawe, ili maji makubwa yamwagike mahali palipochaguliwa badala ya kupasua tuta popote.

Tuta huvunjika kwa njia kuu tatu, na ya kumwagika juu ndiyo inayofahamika. Ya pili ni ya ndani: sungura wanachimba, mzizi wa mti uliokufa unaoza na kuacha mfereji, maji yanaingia humo, yanaondoka na chembe za udongo, tundu linakua, na tuta linakatika huku uso wa maji ukiwa bado chini yake. Ndiyo maana miti haitakiwi juu ya tuta, hata kama inaleta kivuli. Ya tatu ni ya Orléans hasa: chini kuna mawe ya chokaa yenye mapango, paa la pango linaporomoka na kumeza kipande cha tuta. Mto Loiret, unaotokea kwenye bustani ya maua kusini mwa Orléans, kwa sehemu kubwa ni maji ya Loire yaliyozama kwenye mapango hayo na kutokea tena. Dawa inayotumika sasa ni kuchimba mtaro mwembamba na mrefu ndani ya tuta na kuchanganya udongo na saruji papo hapo, uwe ukuta usiopitisha maji.

Mjini Blois kuna mtaa ulioitwa La Bouillie uliokua nyuma ya mojawapo ya sehemu zile zilizoshushwa, yaani kwenye njia ambayo maji yalipangiwa. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 mamlaka za mji zimenunua nyumba moja baada ya nyingine, familia zikahama, nyumba zikabomolewa, na eneo likawa malisho. Imechukua miaka mingi na fedha nyingi. Nairobi, baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, ubomoaji wa kandokando ya mito ulifanywa kwa wiki chache. Haraka ile inaondoa nyumba, lakini haimpi mtu pa kwenda, na asiye na pa kwenda hurudi.

Juu kabisa ya mto, Septemba 1980, dhoruba ya Cévennes iliua watu 8 katika mji mdogo wa Brives-Charensac. Serikali ikapanga bwawa la Serre de la Fare. Wapinzani walipiga kambi bondeni mwaka 1989, na mwaka 1994 mpango ukafutwa. Kilichofanyika badala yake hakisemwi vya kutosha: viwanda viliondolewa kwenye njia ya maji, mto ukapanuliwa ndani ya mji, na mfumo wa tahadhari ukaboreshwa. Kupinga bwawa peke yake hakungewalinda watu wa Brives.

Mabwawa mawili makubwa yalijengwa: Naussac, kwenye kijito cha Allier, lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 190, na Villerest karibu na Roanne, yote ya miaka ya 1980. Kazi yao ya kiangazi ni kuongeza maji ili mto ukipita mji wa Gien uwe na takriban mita za ujazo 60 kwa sekunde, kwa ajili ya mitambo ya nyuklia, mashamba na miji. Kwa hiyo mto unaouona Tours mwezi wa Agosti ni wa kufunguliwa bomba.

Samoni wa Allier

Samoni wa Loire ana safari ndefu kuliko samoni wengine wa Ulaya Magharibi: kilomita 900 hivi kutoka baharini hadi changarawe za Allier ya juu. Anaingia mtoni kati ya Novemba na Mei, anapumzika kwenye vina vya maji baridi kiangazi chote bila kula, anataga Novemba na Desemba. Maji yakipita nyuzi 20 na kuendelea anachelewa. Yakizidi sana anasimama kabisa. Kila ukuta mtoni unamgharimu siku, na siku zake zimehesabiwa kwa mafuta aliyobeba mwilini.

Mwaka 1998 bwawa la Saint-Étienne-du-Vigan, Allier ya juu, lililipuliwa, na mwaka huo huo kazi ya kuondoa lile la Maisons-Rouges kwenye Vienne ikaanza. La Poutès lilichukua njia ya kati. Lilijengwa mwaka 1941, kimo chake karibu mita 17, na lilikuwa na lifti ya samaki ambayo haikutosha. Shida kubwa haikuwa samoni wanaopanda. Ilikuwa wadogo wanaoshuka, waliofika kwenye maji yaliyosimama kilomita 3.5, wakapotea njia, wakaliwa au wakaingia kwenye mashine. Kati ya 2019 na 2021 lilikatwa hadi mita 7 hivi na kuwekewa milango inayofunguliwa kabisa majira ya samaki kusafiri na wakati wa mafuriko, na ziwa lake likabaki mita mia chache tu. Changarawe nayo inapita. Umeme mwingi bado unazalishwa.

Pamoja na hayo, samoni wanaohesabiwa Vichy, mji ulio kwenye Allier, ni mamia machache kwa mwaka, miaka mingine pungufu, na uvuvi wake umepigwa marufuku tangu 1994. Bahari yenye joto, mto wenye joto, na kambare mkubwa wa Ulaya aliyeletwa mtoni na anayevizia chini ya ngazi za samaki, vyote vinachangia. Mkunga naye yuko taabani. Huyu tunaye hata sisi, wa jamii nyingine, anayepanda kutoka bahari ya Malindi kupitia Sabaki na Galana hadi Athi, kwa hiyo kila ukuta unaojengwa kwenye mto huo unamhusu.

Gugu la manjano na tope la Nantes

Vijito vya pembeni vya Loire vimevamiwa na jusi, mmea wa Amerika Kusini wenye maua mazuri ya manjano, ulioletwa kupamba mabwawa ya bustani. Anayekumbuka Nairobi Dam ilivyofunikwa na gugumaji ataelewa bila maelezo: maji yanakosa mwanga, yanakosa hewa, samaki wanakufa. Kuung'oa kuna utaratibu, na ukikosea unaueneza. Kwanza wavu unatandazwa upande wa chini wa mto, kwa sababu kipande cha shina chenye kifundo kimoja kinatosha kuota upya. Kisha watu wanaingia na kung'oa kwa mkono pamoja na mizizi, kuanzia juu kwenda chini. Mashine ya kukata ni ya madimbwi yaliyofungwa tu. Mmea unakaushwa mbali na njia ya mafuriko, na buti, mashua na matingatinga yanaoshwa kabla ya kuhamia kisiwa kingine. Mwaka unaofuata kazi inarudiwa, mapema, kabla mmea haujatoa maua.

Kuhusu maji yenyewe, kuna habari njema nusu. Miaka ya 1980 mto uligeuka kijani kila kiangazi kwa mwani uliolishwa na fosfati. Sabuni zilipobadilishwa, maji machafu yakasafishwa vizuri zaidi, na kombe mdogo mgeni kutoka Asia akaanza kuyachuja, maji yakawa maangavu. Lakini mwanga ukifika chini, kuna utando mweusi wa bakteria unaoota juu ya mawe na mimea, wenye sumu. Mbwa wamekufa kwa kuutafuna. Mtoto asiuchezee.

Mwisho wa mto ndipo deni la mchanga linapolipwa kwa ukamilifu. Karibu na Nantes, njia ya meli ilichimbwa na mchanga ukachotwa, kwa hiyo maji ya bahari yakijaa yanapanda mbali zaidi kuliko karne iliyopita, yakisukuma chumvi na wingu zito la tope. Tope hilo linakwenda na kurudi na bahari inavyojaa na kupwa. Kiangazi, maji ya juu yakiwa machache, linasimama, linakula hewa yote, na samaki wanaelea. Nantes ililazimika kuchota maji yake ya kunywa juu zaidi, Mauves-sur-Loire.

Kazi ya sasa huko ni kurudisha sakafu juu. Kati ya Angers na Nantes kuna mamia ya kuta fupi za mawe zilizochomoza mtoni mwanzoni mwa karne ya 20 ili kuyabana maji katikati na kupata kina cha mashua. Zilifaulu mno: maji yaliyobanwa yaliendelea kuchimba muda mrefu baada ya mashua za biashara kutoweka. Katika miaka ya 2020 baadhi zimefupishwa na kushushwa, vijito vya pembeni vikafunguliwa, na karibu na Nantes, pale Bellevue, mawe yakawekwa chini kuziba mteremko uliokuwa ukivuta mchanga wa juu. Mto wenyewe ndio unaotakiwa kujaza kilichobaki, kwa kasi ya mchanga unaoteremka kutoka Allier, na wahandisi wa pale wanahesabu kwa miongo.